Mwizi Aliyeacha Kadi ya Picha

Jumatano saa kumi na moja jioni, Mzee Ambindwile alirudi kutoka hospitali ya Igogwe alikokwenda kupima presha. Akavua koti lililolowa, akafunua kompyuta yake aitazame tu kabla ya chai, na presha ikapanda upya. Ndani ya boksi la chuma palikuwa na nafasi tupu. Pawasaplai, kile kidude kinachopokea umeme na kuugawia vingine vyote, hakikuwepo.

Sajenti Hellen wa upelelezi alifika Ibighi asubuhi ya Alhamisi. Mvua ilikuwa inanyesha, na hilo Tukuyu si habari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga, asante kwa kuja. Mwizi nimeshamjua, ni Neema anayenipikia. Anajua ninapoficha ufunguo."

"Nani mwingine anajua?"

"Godwin, fundi kompyuta aliyekuja kuunganisha vyombo. Na Alawi, jirani yangu fundi cherehani. Lakini Alawi usimhesabu. Yule ni kama mimi mwenyewe."

Hellen aliinama juu ya boksi. Nyaya zilizobaki zilikuwa zimekusanywa pamoja na kufungwa kwa uzi wa bluu, ncha zake zimekatwa sawasawa. Kisha mwizi huyo mwenye adabu alikuwa amelirudishia boksi kifuniko chake cha kitambaa, unyevu usiingie.

"Na hii kubwa yenye feni ni nini?"

"Kadi ya picha. Ndiyo inayochora mchezo. Hiyo peke yake ina bei kuliko vyote vilivyobaki."

"Na mwizi kaiacha?"

Mzee alikuwa na jambo jingine linalomsumbua, akalisema akitazama dirishani. Mwanawe alifariki, mkwewe akahamia Mwanza na mjukuu, Prosper. Kwenye simu mtoto husema shikamoo babu, nzuri, haya, basi. Siku moja tu alisema sentensi ndefu: babu, ungekuwa na kompyuta ya gemu tungecheza mpira wote. Sasa yuko likizo fupi, Jumamosi watacheza kwa mtandao, Jumapili anarudi shule ya bweni.

"Nikimkosa Jumamosi hii, hataniomba tena," alisema mzee. "Watoto hawaombi mara mbili."

Hellen alimwonea huruma, na akajihurumia kidogo na mwenyewe. Tangu ahamishiwe mji huu, hakuna aliyewahi kumgongea mlango kwa jambo lisilo la kazi.

Hellen alimkuta Neema jikoni, macho yamevimba.

"Afande, mimi kile kidude hata nikikikuta njiani nitakiruka. Jana nimepika ndizi saa sita, nikaondoka. Kompyuta ilikuwa imefunikwa, na mimi huwa siigusi. Babu kaniambia kesho nisije. Nitarudi kwetu kijijini Masoko kufanya nini?"

"Nyaya nani kazifunga na uzi?"

"Nyaya zipi?"

Godwin naye alikuwa kwenye banda lake la kutengeneza simu, na hakupenda kuulizwa.

"Afande, kwa hiyo mimi ndiyo mshamba kiasi hicho? Niache kadi nibebe pawasaplai? Kadi nikiipeleka Mbeya haimalizi siku. Ile kompyuta ilikuwa ya ofisini, mtumba, pawasaplai yake ina plagi ya kwake peke yake. Haiingii kwenye mashine nyingine, hakuna wa kumuuzia."

"Na mzee akitaka nyingine?"

"Nimeshamwambia, hapa hakuna, Mbeya hakuna. Inaagizwa Dar. Wiki mbili, na ziwe za bahati."

"Nyaya unafungia nini ukishaunganisha?"

"Zile kamba za plastiki. Kwani vipi?"

Hellen alitoka pale akiwaza. Kwa mwizi, chombo hicho hakikuwa na thamani yoyote. Kazi yake ilikuwa moja, kuwasha mashine ya Ambindwile. Basi aliyekichukua hakutaka pesa. Alitaka mashine isiwake.

Chumba cha kushonea cha Mzee Alawi kilikuwa hatua chache kutoka kwa rafiki yake. Kilijaa sketi za shule za bluu, na nyuma ya cherehani palikuwa na picha ya marehemu mkewe, Zakia. Alikuwa mchangamfu mpaka alipoulizwa kuhusu kompyuta, hapo akazidi.

"Msimu mzima wa mvua tulikuwa tunachagua, mwanangu! Kila jioni, nikitoka swala ya Magharibi naenda kwake na kahawa yangu. Yeye anataka kadi rahisi, mimi namwambia rahisi gharama, itaungua. Tumegombana juu ya feni wiki nzima. Raha iliyoje! Nyumba hii ikiingia giza, utasikia saa ya ukutani tu."

Kisha akaukata uzi wa sketi aliyokuwa akiimaliza, ncha mbili, sawasawa.

Hellen alimwomba afike kwa Ambindwile Ijumaa jioni, bila kumwambia zaidi, akawaita na Neema na Godwin.

Walikaa wote sebuleni, Neema akisimama mlangoni na kanga yake, Godwin akitikisa mguu.

"Neema hakuchukua," alianza Hellen. "Godwin pia. Aliyeingia aliipenda mashine hii. Alijua kipi akikitoa kitachelewa kupatikana, lakini hakuweza kuacha nyaya zinaning'inia, maana miaka yote ya kazi yake hajawahi kuacha uzi unaning'inia. Na unyevu wetu anaujua, akaifunika. Mzee Alawi, hiyo pawasaplai umeihifadhi salama?"

"Nimeifunga na kitambaa kikavu," alisema Alawi kwa sauti ndogo. "Haina hata mkwaruzo."

Ambindwile alisimama. "Wewe? Gwe Alawi! Umeniacha namfukuza huyu binti, na wewe uko hapa unakunywa chai yangu? Ulijua Jumamosi ni siku gani!"

"Nilijua." Alawi alikuwa akilia waziwazi. "Nilitaka wiki mbili tu. Ikishawaka, jioni zako zote ni za mjukuu. Mimi nitakuja kufanya nini hapa? Kukutazama mgongo? Mwenzangu wewe una mtu wa kumngojea. Mimi nimebakiwa na wewe."

"Kailete. Kisha usikanyage hapa."

Akaileta, akaiweka mezani, akatoka kwenye mvua. Ambindwile alimgeukia Neema akamwomba radhi, naye akaitikia kwa kichwa, bado ameumia.

Jumamosi mchana Hellen alikwenda na karatasi ya kufuta malalamiko. Alimkuta mzee mbele ya kioo na spika za masikioni, ameshika kidhibiti cha mchezo kama mtu aliyeshika kuku. Godwin alikuwa ameshaunganisha na kuondoka.

"Babu! Piga! Mbona unakimbilia kwenye kona?" sauti ya Prosper ilivuja kutoka kwenye spika.

"Ndiko mpira unakokwenda, mwe!" alijibu mzee, akicheka hadi machozi.

Hellen alisimama nyuma yake. Walicheza mechi mbili.

"Babu, wenzangu wananiita. Baadaye, eh?"

"Haya, baba. Baadaye."

Uwanja wa kijani ulibaki unang'aa bila wachezaji. Mzee alivua spika. Hakuna kilichosikika isipokuwa feni. Kisha akatia sahihi karatasi ya Hellen, akachukua simu.

"Alawi. Ndiyo, tumecheza. Kanifunga sita... Bado nina hasira na wewe, usinikatize. Sikiliza, hii mashine inakwama. Nadhani RAM, ile kumbukumbu yake, ni ndogo. Sijui bei, wewe ndiye unayejua mambo ya bei. Njoo na kahawa yako tutafute nyingine."

Hellen alikuwa ametazama mechi zote mbili. Picha haikukwama hata mara moja. Akaikunja karatasi, akaaga.

Barabarani alipishana na Mzee Alawi akija mbio bila mwavuli, birika mkono mmoja, simu mkono wa pili, hata salamu akaisahau. Hellen alimpisha, akaendelea na njia ya nyumbani kwake, ambako hakuna aliyekuwa akimsubiri.