Pampu Ndogo Aliyoichagua Kethia

Kila siku saa kumi kasorobo alasiri, akishashuka kwenye basi la njano la shule, Kethia alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali kumwachia mtu mwingine. Alimwogesha mdogo wake Nathanaël, mtoto wa wiki sita. Alijaza maji ya vuguvugu kwenye beseni la buluu, akakunja mikono ya sweta, na mama yake, Clothilde, akakaa kando kwenye kiti cha plastiki akiongoza kwa maneno.

"Shika shingo. Shingo, Kethia! Huyo si sufuria."

"Nimeshika, mama. Tazama, anacheka."

"Hacheki, anajamba. Endelea."

Alasiri moja ya mwaka 2009, povu likiwa bado kichwani kwa mtoto, simu ililia. Kethia alimkabidhi mama yake mtoto, akajifuta mikono na kupokea. Katika nyumba yao, ghorofa ya pili mtaani Vickery Meadow, jijini Dallas, simu ilikuwa yake. Familia ilikuwa imefika miaka miwili iliyopita kutoka kambi ya wakimbizi, na Kethia, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa na Kiingereza kingi kuliko wote. Alisoma barua, alizungumza na mwenye nyumba, na baba yake, Papa Déo, alikuwa akimwita waziri wetu wa mambo ya nje.

Aliyepiga alikuwa msimamizi wa ghala la viatu ambako mama alifanya kazi ya kufunga maboksi.

"Mama, anasema hawawezi kungoja tena. Jumatatu ya wiki ijayo urudi kazini, la sivyo nafasi yako atapewa mtu mwingine."

Clothilde alimtazama mtoto aliyekuwa akitiririka maji mapajani mwake. "Na huyu atanyonya nini?"

Jibu lilitoka kwa jirani wa chini, Mama Bisimwa, ambaye angebaki na mtoto mchana. Alisema kwamba kwenye kliniki ya lishe ya akina mama waliazimisha pampu za kukamulia maziwa. Mama angekamua akiwa kazini, maziwa yakae kwenye friji, na mtoto ayanywe kesho yake.

Siku ya akina mama pale kliniki ilikuwa Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili. Walipofika, Kethia alirudi nyuma hatua moja. Kwenye benchi la mbele alikaa Zoé, mwanafunzi mwenzake, pamoja na shangazi yake mjamzito. Zoé alikuwa bingwa wa kuiga watu kwenye basi la shule. Wiki ile alikuwa amemwiga mwalimu wa hesabu akipiga chafya mpaka dereva mwenyewe akacheka. Tena Zoé alikuwa Mkongomani kama yeye, anaelewa Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo hapakuwa na lugha ya kujifichia.

Aliyewahudumia alikuwa msichana mgeni kazini, Bi Abigail. Kati ya meza yake na benchi palikuwa na pazia tu, nalo halikufika mwisho. Alipanga pampu mbili mezani, akazieleza kwa Kiingereza, polepole. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kubana kwa kiganja, nayo ilimfaa mama anayeachana na mtoto kwa muda mfupi. Ya pili ilikuwa kubwa, yenye waya wa umeme na vikombe viwili vya kukamua pande zote kwa wakati mmoja. Ile ilimfaa mama anayefanya kazi kutwa nzima.

"Muulize mama," alisema Bi Abigail, "atakuwa mbali na mtoto saa ngapi kwa siku? Matiti yake yanauma? Ningependa pia kumpima, maana vikombe hivi vina ukubwa mbalimbali."

Kethia alitupa jicho pembeni ya pazia. Zoé alikuwa ameacha kutafuna pipi.

"Anasema nini?" aliuliza mama.

"Anauliza... kama u mzima."

"Mwambie mimi mzima, Mungu asifiwe."

Kethia alimgeukia Bi Abigail na kusema kwa Kiingereza, harakaharaka, macho yakiwa sakafuni, "Saa mbili tu. Hapana, haumwi. Hahitaji kupimwa. Hii ndogo inatosha."

Bi Abigail aliandika. Mama aliinyooshea kidole pampu kubwa. "Na ile yenye waya?"

"Ile ni ya wagonjwa wa hospitali, mama."

Wakatoka na pampu ndogo ndani ya mfuko wa karatasi.

Jumatatu ilipofika, mama aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na nusu alasiri. Mapumziko ya chakula yalikuwa nusu saa. Alibana pampu ile kwa kiganja kilichokwisha kuchoka kwa kufunga maboksi, na kabla hajahamia upande wa pili, kengele ilikuwa imelia. Siku ya kwanza alirudi na nusu chupa. Wiki ya pili alirudi na vidole viwili vya maziwa chini ya chupa. Matiti yalivimba yakawa magumu na ya moto, hata kumkumbatia mtu hakuweza. Nathanaël alinyonya jioni, akaachia, akalia, akanyonya tena. Maziwa ya kopo aliyopewa na Mama Bisimwa aliyacheua karibu yote.

Jumatano jioni Kethia, aliyebaki shuleni kwa masomo ya ziada, alikuwa akipanda ngazi na begi lake la shule alipomsikia mama akizungumza na jirani mlangoni.

"Kethia nilimnyonyesha miaka miwili kambini," mama alikuwa akisema. "Tulikula mahindi ya msaada, na maziwa hayakunikauka hata siku moja. Hapa friji imejaa chakula, na maziwa yananikimbia. Nimekosa nini, Mama Bisimwa? Labda mwili wangu umezeeka."

"Uzee gani? Una miaka thelathini na mitatu!"

Kethia alisimama pale pale kwenye ngazi. Alitaka kusema. Alipoingia ndani aliweza kutamka kitu kimoja tu. "Mama, kesho ni Alhamisi. Omba ruhusa, turudi kliniki."

Safari hii walipokewa na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Alilitazama jina kwenye faili, akatabasamu.

"Karibuni sana. Mimi naitwa Natalia, natoka Moshi, Tanzania. Alhamisi ile nilikuwa Houston, kule Alief, namwoza mdogo wangu. Poleni kwa kunikosa."

"Ee! Unasema Kiswahili!" Mama alimshika mikono yote miwili. "Tena kile cha redioni!"

Bi Natalia alicheka. Alimpima Nathanaël, na kicheko kikakatika. Kwa wiki mbili mtoto hakuwa ameongezeka hata kidogo. Alifungua faili.

"Mama, hapa wameandika kwamba unakuwa mbali na mtoto saa mbili kwa siku."

"Mbili? Mimi nafanya kumi!"

"Na kwamba huna maumivu."

"Dada yangu, hata blauzi ikinigusa nasikia moto."

Bi Natalia alimwita Abigail. Msichana alilisoma faili, masikio yakawa mekundu. "Labda nilisikia vibaya," alisema kwa Kiingereza. "Samahani sana."

"Hapa kusikia vibaya kunamgharimu mtoto uzito wake," Bi Natalia alimjibu kwa ukali. "Nitalazimika kuliandikia ripoti jambo hili."

Mama aliguna. "Ndiye huyu aliyetupa kile kichezeo."

Kethia alimtazama Bi Abigail akivikunjakunja vidole vyake. Akaelewa kwamba yeye mwenyewe alikuwa salama. Hakuna ambaye angejua. Pampu kubwa ilikuwa pale mezani, mama angeipata, na mambo yangeisha. Nyuma ya pazia aliiona miguu ya Zoé ikining'inia kwenye benchi, kama siku ile.

Akasimama.

"Si yeye," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Aliniambia nikuulize, mama, kama matiti yanauma na utakuwa mbali saa ngapi. Niliona haya kusema matiti mbele ya watu. Nikajibu mwenyewe. Pampu ndogo niliichagua mimi." Kisha akamgeukia Bi Abigail na kuyarudia yote kwa Kiingereza, mpaka mwisho, bila kuruka neno.

Miguu nyuma ya pazia iliacha kuning'inia.

Mama hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Kethia zaidi. "Mwanangu," alisema taratibu, "maziwa ya mdogo wako ndiyo uliyoyaonea haya?"

Kethia alianza kulia. Bi Abigail alimsogezea boksi la karatasi za kujifutia, na yeye mwenyewe akachukua moja.

"Nisikilize, Kethia," alisema Bi Natalia. "Unapomtafsiria mama, maneno si yako, ni yake. Huna ruhusa ya kuyapunguza wala kuyabadilisha, hata yakikuchoma ulimi. Ukishindwa kusema, sema umeshindwa. Hiyo nayo ni kweli, na kweli hiyo ingetufanya tutafute mtu mzima. Sisi nasi tumekosa. Tulipaswa kumpigia mkalimani simu, si kumtwika mtoto mzigo huu. Lakini leo ungeweza kunyamaza, Abigail akabeba kosa lako, nawe hukunyamaza. Ripoti hiyo siiandiki tena." Akampangusa shavu. "Tena titi ni kiungo cha mwili, kama goti. Kina kazi yake."

Kisha akafunga pazia vizuri, akampima mama, akamchagulia vikombe vinavyomkaa na kumwonyesha pampu yenye waya. "Usipoyatoa maziwa, mwili unadhani mtoto hayahitaji, unapunguza kutengeneza. Ukikamua pande zote mbili kwa dakika kumi na tano, mara tatu kwa zamu, yatarudi. Kwani kule kazini unakamulia wapi?"

Mama alitazama chini.

"Chooni," alisema hatimaye. "Nimesimama. Naona haya kumwambia msimamizi."

Bi Natalia alivua miwani. "Kumbe binti amemfuata mama yake!"

Wakacheka wote, hata mama, akiwa amejishika kifua kwa maumivu. "Basi na wewe una neno la kusema," Bi Natalia aliongeza. "Chooni hakuna pa kuchomeka waya, tena si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto."

Nje, Zoé alimfuata Kethia mpaka kwenye kituo cha basi. Kethia akajikaza kungoja dhihaka.

"Mimi nilimwambia daktari shangazi ana mafua," Zoé alisema kwa sauti ya chini. "Yeye alisema ana mimba, nami nikaona haya."

"Ikawaje?"

"Wakampa pipi za koo."

Walicheka hadi basi likawapita.

Ijumaa, saa kumi kasorobo, mama akiwa bado katika ruhusa yake, Nathanaël alikuwa kwenye beseni la buluu simu ilipolia. Alikuwa msimamizi, akiuliza kama Clothilde angeingia zamu ya Jumatatu.

"Mama, nimwambie na habari ya chumba cha kukamulia?" aliuliza Kethia.

Mama alinyoosha mkono. "Lete. Maneno haya ni yangu."

Chumba kilipatikana, kile cha huduma ya kwanza, chenye kiti na mahali pa kuchomeka waya. Kabla ya wiki kwisha chupa zilianza kujaa tena, na Alhamisi iliyofuata ya kliniki mizani ilimfanya Bi Natalia apige makofi. Lakini alichokikumbuka Kethia kuliko vyote ni alasiri ile ya simu, yeye akiwa ameshika shingo ya mtoto majini, na mama amesimama wima katikati ya chumba, akisema Kiingereza chake kifupi kwa sauti iliyosikika hadi kwa Mama Bisimwa.

"Mimi mama. Natoa maziwa ya mtoto wangu. Nataka chumba. Chenye mlango."