Kiti Kilichokuwa Kitupu Kando ya Solange

Kama si uzembe wangu, Solange angekuwa hai. Niliseme hilo kwanza, nisije nikajificha nyuma ya mizimu.

Jioni ile ya Novemba niliitwa nyuma ya stesheni ya Montparnasse. Mjane mmoja wa Kibretoni, Mama Kerdoncuff, alitaka picha ya mumewe kabla hajazikwa. Kazi yangu hasa ilikuwa kupiga picha za usiku wa Paris, wacheza dansi, wachoraji na walevi wao, lakini maiti nao sikuwakataa.

Chumba kilinuka nta na siki. Kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheusi.

"Roho ikimwona mtu kiooni, inaondoka naye," mjane alininong'oneza. "Na hicho cha kwenye kamera yako ukifunike. Picha yake uitoe humo na kuisafisha kabla hujampiga mtu mwingine."

"Sawa, mama," nikajibu, nikicheka moyoni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikafungua lenzi, nikawasha sigara. Gizani mimi hupima muda kwa sigara, ikiisha nafunga. Mzee alilala chali, macho yamefumbwa, mikono kifuani. Nilipomaliza nikafungasha, nikaenda zangu baa.

Bamba la kioo lenye picha yake nikalisahau ndani ya kamera.

Pale baa Solange aliketi peke yake karibu na gramafoni, kiti cha kushoto kwake kitupu. Wachoraji wa mtaa mzima walikuwa wamemchora. Mimi nilimpenda tu, na sikuwahi kumwambia.

"Mhungari!" akaniita, kwa nchi niliyotoka. "Leo unipige picha nzuri. Siku ile ulinipa pua ya bondia."

"Pua ni yako, usinisingizie."

"Huna adabu wewe!" Akacheka. Kisha akajikunyata. "Nani kaacha mlango wazi?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Halafu nikaisikia... harufu ya siki.

Nikapiga.

Alfajiri nikalisafisha bamba chumbani kwangu, nikaichapa picha. Taa nyekundu. Karatasi ikielea kwenye beseni. Uso wa Solange ukajitokeza, unacheka. Kando yake, kwenye kile kiti, akajitokeza mzee. Nikajitukana. Picha mbili kwenye bamba moja, kosa la mwanafunzi! Hata nikacheka.

Kisha nikaisogeza karatasi karibu na taa.

Nilimpiga akiwa amelala.

Humu alikuwa ameketi.

Macho wazi... anamtazama Solange.

Nikakimbia hadi kwake. Nilimkuta chini ya mablanketi matatu, meno yanagongana.

"Miklós," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Mkono wangu wa kushoto... kuna mtu ananilalia."

Daktari alisema ni mapafu. Mimi nikarudi kwa mjane, nikapiga magoti na kumweleza yote.

"Nilivunje hilo bamba, mama?"

"Na huyo msichana si yumo humo humo, mwanangu? Utamvunja nani?"

Nililiinua juu ya sakafu ya mawe. Sikuweza. Usiku wa pili nikalichapa tena. Mkono wa mzee ulikuwa umefika kwenye kiwiko cha Solange.

Nikaketi kitandani kwake nikiushika mkono ule ule wa kushoto, nikiuvutia kwangu. Ulikuwa mzito. Sikuwa na dawa wala sala. Nikamwambia nampenda.

"Umechelewa, Mhungari," akanong'ona. "Kama kawaida yako."

Alifariki siku ya tatu. Dada yake akafunika kioo, kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa rafiki yake. Mpige picha ya mwisho."

Nilikataa. Mpaka leo hatusemeshani, na sikumweleza sababu.

Usiku huo nikalichapa bamba kwa mara ya mwisho. Meza ilikuwepo. Gramafoni ilikuwepo. Viti viwili, vyote vitupu.

Na upande wa huku, pale niliposimama na kamera, palikuwa na kiti cha tatu.

Kimevutwa nyuma kidogo, mtu apate kuketi.

Bamba bado ninalo, nimelizungushia kitambaa cheusi. Majira ya baridi yakifika, chumba changu hunuka siki. Ningejua kwamba Solange yupo kwenye meza ile, ningekwenda kuketi hata leo. Lakini hayumo, na picha haisemi amepelekwa wapi.