Mgeni wa Spika ya Kushoto

Kikohozi cha kwanza kilisikika Jumanne, saa kumi alasiri, katikati ya wimbo ambao fundi saa aliujua neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Kilikuwa kikohozi kidogo cha adabu, kama cha mtu aliyesimama mlangoni akiona haya kukatisha mazungumzo ya watu. Fundi alikuwa kitini, macho kayafumba. Akajibu bila kufikiri, "Karibu."

Mtaani walimwita Sikio. Saa ikiugua, aliiweka shavuni, akakwambia jino gani la gurudumu limelika kabla hajaifungua. Sikio hilohilo ndilo lililomfanya auchukie muziki wa redio za kopo, akaanza kujijengea mitambo yake mwenyewe, kila kazi na chombo chake, polepole, kwa miaka tisa. Kwanza mashine ya santuri, aliyoiweka juu ya bamba la jiwe ili nyayo za wapitao zisiitikise. Kisha spika mbili za mbao, alizozisogeza kidole kwa kidole mwezi mzima, huku mkewe akimcheka kwamba hata siku ya kumposa hakupima hivyo. Ilibaki amplifaya, ambayo ndiyo moyo wa mwili wote, na hiyo aliipata kwa mjane wa mwalimu wa muziki, mtaa wa pili. Mjane alikuwa bubu. Alimwonyesha chombo kwa kidole, akaandika kwenye daftari kwamba akichukue bure, akafunga mlango Sikio hajamaliza hata kushukuru.

Siku alipoiunganisha, machozi yalimtoka. Ukuta ulikuwa kama umefunguka. Mpiga gitaa kulia, ngoma nyuma, mwimbaji katikati, kila mmoja mahali pake, ungedhani ukinyoosha mkono utawagusa. Na sasa, kule nyuma kabisa upande wa kushoto, alikuwepo huyu wa kukohoa.

Jumatano alikohoa tena, safari hii mbele ya ngoma. Sikio akabadili santuri. Akamkuta humo pia. Akasafisha sindano, akabadili nyaya. Alhamisi mgeni alikuwa bega kwa bega na mwimbaji, na chumba kikaanza kunuka kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Kufika Jumamosi hakuwa tena miongoni mwa wanamuziki. Alikuwa upande huu wa spika.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa chumba cha pili. Sauti ilianza kumkwama Jumatano ileile. Walisema ni vumbi la vitambaa. Sikio alimchemshia maji, akamtilia asali, akamfunga kitambaa shingoni, kisha akarudi kitini kwake, kwa sababu ambayo angeona aibu kuikiri: kadiri mkewe alivyofifia, ndivyo muziki ulivyozidi kuwa mtamu.

Jumatatu, jua likiwa bado kali dirishani, aliweka santuri ya mwimbaji mmoja mwanamume, akaketi, na ubeti wa pili haujaisha sauti ya yule mwanamume ikanywea, gitaa likanywea, ngoma ikanywea, ikabaki harufu ile ya ubichi ikimjia karibu zaidi na zaidi, mto wa kiti ukabonyea ubavuni mwake kama ameketi mtu mzito, pumzi baridi ikampanda shingoni, naye alipojilazimisha kufumbua macho akamwona mkewe amesimama mlangoni, ameshika koo kwa mikono miwili, midomo ikienda bila kutoa kitu, na hapohapo, ndani ya sikio lake la kushoto, sauti ya mkewe ikamnong'oneza:

"Usizime, mwenzangu. Bado kidogo nimalize kuhamia."

Akazima. Akatoka bila viatu mpaka kwa mjane. Hakuhitaji kueleza; mjane alimtazama usoni, akalia, akachukua daftari. *Ilichukua sauti yangu, na mume wangu akaendelea kusikiliza mpaka akafia kitini. Nilidhani ikipata nyingine itaniachia yangu. Nisamehe.* Chini yake akaandika mahali anapoishi mganga.

Mganga alikuwa mama mfupi, asiye na maneno mengi. Alimketisha mke wa Sikio katikati ya spika, akamwekea kiganja kooni, akamwambia Sikio kwamba aliyemkaribisha mgeni ndiye atakayemtoa. Awashe mitambo, kisha achomoe nyaya moja moja kwa mkono wake mwenyewe, na asijibu lolote atakaloambiwa.

Alichomoa wa kwanza. Spika ya kulia ikakata. Ile ya kushoto ikaanza kumbembeleza kwa sauti ya mkewe, ikimkumbusha mambo wanayoyajua wawili tu. Alipofika waya wa mwisho, ikaacha kubembeleza.

"Niache nikae," ilisema taratibu. "Utasikia mpaka nyasi zikiota."

Mkono wa Sikio ulitulia juu ya waya. Ulitulia kwa muda mrefu kuliko mganga alivyopenda, mpaka yule mama akamkanyaga mguu. Akavuta. Kitu kikapasuka ndani ya amplifaya, harufu ikapita dirishani, na mkewe akainama akikohoa.

"Nina kiu," alisema.

Mganga aliifunga amplifaya kwenye gunia, akaondoka nayo. Spika wakazitoa nje uani, wakazipasua kwa shoka. Jirani aliyekuja kuuliza hali akakuta mke wa Sikio anaongea kama zamani, akashukuru pamoja nao, akaenda zake.

Sikio alimletea mkewe glasi ya pili ya maji. Akaketi mbele yake, akafumba macho, akasikiliza kama anavyosikiliza saa.

"Mbona umenyamaza hivyo?" mkewe akauliza.

Akafumbua macho haraka. Midomo ya mkewe ilikuwa mbele yake, bado inasogea. Lakini sauti ilikuwa imetokea kushoto, hatua mbili kutoka pale mkewe alipoketi, karibu na ukuta mtupu. Nayo ilikuwa safi kuliko alivyowahi kuisikia tangu amwoe.