Kunuka Ndizi Mzingani

Jumamosi ile jikoni kwa Elieth hapakuwa na pa kukanyaga. Mdogo wake Domina alikuwa anabatizisha mtoto wake, na ubatizo bila mbege, ile pombe ya ndizi, ungewanunisha Wachaga wote wa Germantown, kule Marekani. Kwa hiyo Elieth aliamka mapema akachemsha ndizi mbivu, masufuria kwa masufuria. Akanuka ndizi mpaka kwenye nywele.

Ndizi zikiwa zinapoa, alikumbuka kwamba hajakagua mzinga wake nyuma ya nyumba. Alikuwa mgeni kabisa katika ufugaji wa nyuki, lakini aliwapenda. Mumewe, Gervas, hakuwapenda hata kidogo. Siku mzinga ulipofika alisema, "Nyuki akiingia ndani ya nyumba hii, mzinga unatoka." Na Gervas akisema, amesema.

Elieth alivaa kofia ya wavu na glavu juu ya nguo zilezile za jikoni. Alipuliza moshi, akafungua mzinga, akainua fremu moja ya masega iliyojaa nyuki. Nyuki mmoja akamuuma kifundoni, kupitia soksi. Elieth akamponda kwa kiatu. Papo hapo wakaja wengine, tena wengi. Akarusha mikono, fremu ikaanguka. Mzinga mzima ukanguruma. Elieth hakuwahi kusikia sauti kama ile. Alitimua mbio hadi ndani, nyuki nyuma yake.

Gervas alikuwa amelala kwenye kochi baada ya zamu ya usiku. Aliamshwa na mwiba wa nyuki mdomoni.

"Elieth, nini hiki?" aliuliza, mdomo tayari umeanza kuvimba.

Elieth alikimbilia simu. Akampigia jirani yao Jepkosgei, nesi Mkenya aliyefuga nyuki miaka mingi. Jepkosgei alifika hata kamba za viatu hajafunga.

"Shemeji, unapumua vizuri? Koo halijabana? Kichwa hakizunguki?"

"Napumua."

"Mwili hauwashi mahali pengine?"

"Hapana."

"Sawa. Ukisikia hata moja ya hizo, tunapiga 911 saa hiyo hiyo. Hatungoji."

Alimkwangua mwiba kwa ukucha, akamwekea barafu. Kisha akamsogelea Elieth, akanusa.

"Dada, ulikuwa unapika nini?"

"Ndizi za mbege."

"Mbivu?" Jepkosgei alishika kichwa. "Nyuki akidunga, anaacha harufu ya kuita wenzake waje wapigane. Hiyo harufu inafanana sana na ya ndizi mbivu. Wewe ulienda pale ukinuka vita."

Elieth akajinusa. Mbege ya ubatizo, jamani.

"Sasa wakiniuma nifanyeje?"

"Usiwaponde, na usirushe mikono. Rudisha fremu polepole. Kwangua mwiba haraka, halafu puliza moshi hapo ulipodungwa, harufu ipotee. Funika mzinga, uondoke ukitembea. Na usiingie nyumbani kama bado wanakufuata. Simama kando ya miti mpaka wakuache."

Jepkosgei alivaa mavazi yake, akaenda kurudisha fremu na kufunika mzinga. Aliporudi alimkuta Gervas amekasirika.

"Mzinga unatoka," alisema kwa shida, kwa ule mdomo.

"Shemeji, mpe nafasi moja tu."

Gervas alimtazama mkewe, aliyekuwa karibu kulia. "Moja," alisema.

Jumamosi iliyofuata Elieth alioga, akavaa nguo safi, na jikoni hakukanyaga. Gervas alisimama dirishani. Elieth alikuwa ameshika fremu pale nyuki alipomuuma juu kidogo ya glavu. Miguu ikataka kukimbia. Aliikatalia. Alirudisha fremu taratibu, akakwangua mwiba, akapuliza moshi mkononi. Akafunika mzinga, akatembea hadi kwenye miti, akasimama. Nyuki wa mwisho alipomwacha ndipo akaingia ndani.

"Leo hawajakuuma," Gervas alisema.

Elieth alivua glavu, akamwonyesha mkono uliovimba. Gervas aliukodolea macho. Alikuwa hajabanduka dirishani, na kwa utulivu ule hakutambua kwamba mkewe ameumwa.

"Basi," alisema, "mzinga ubaki."