Koti Alilolikata Atupele

Basi la kutoka Dar liliposimama Ilula saa tisa mchana, wauzaji walilizingira na ndoo za nyanya, karoti na vitunguu. Abiria wakainuka kuuliza bei. Eveline peke yake alivuta kitenge chake cha bluu akajifunika kichwa mpaka kidevuni.

Jirani yake wa kiti, kijana mrefu mwenye miwani na shati la drafti lililonyooshwa vizuri, aliinama kufikia dirisha.

"Samahani dada. Mama, hizo nyanya vipi?"

"Za leo leo, mwanangu. Chukua."

Mkono ukapita dirishani na ndoo ndogo nyeupe yenye herufi P ya rangi nyekundu. Ulipita karibu sana na uso wa Eveline, kiasi kwamba alisikia harufu ya majani ya nyanya. Kijana alilipa, lakini alikuwa bado anatafuta cha kumiminia nyanya wakati basi lilipoondoka.

"Ndoo yangu wewe!" mama alipaza sauti huku akicheka. "Utairudisha!"

Kijana akaipakata. "Tayari nimekuwa mwizi. Dada, umelala au unamkimbia mtu?"

"Yule ni mama yangu," sauti ikatoka ndani ya kitenge.

Kijana aliitwa Dastan, mtu wa Mbeya. Aliandika *Geti la Kijani*, tamthilia iliyokuwa na miaka tisa hewani, na kazi yake hasa ilikuwa kumwandikia Atupele: binti wa miaka kumi na saba anayewajibu wakubwa na kuruka ukuta wa shule. Watu walimtukana kila Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata walikaa tena kumtazama.

"Kumbe wewe ndiye unayemharibu yule mtoto!" Eveline alicheka, kitenge kikashuka.

Kabla hawajafika Iringa alikuwa amemweleza yote. Akiwa na miaka kumi na saba, wiki ya mahafali ya kidato cha nne, alichukua koti la marehemu baba yake, lile la kuvaa kanisani, akalikata na kujishonea sketi. Mama Paskalina alimwambia, "Usirudi hapa mpaka hilo liwe koti tena." Miaka minane ilikuwa imepita. Sasa alikuwa fundi mwenye duka lake Miyomboni, Iringa mjini, alifuata vitambaa Dar kila mwezi, na kila mara Ilula alijifunika, akamtazama mama yake kwa upenyo mdogo.

"Kwa nini usishuke tu?"

"Koti lililokatwa vile haliungiki. Mimi ni fundi, najua."

Alimpa nusu ya chungwa lake. "Ndaga," akasema Dastan.

"Ndiyo nini?"

"Asante. Kwetu Unyakyusa."

Tangu siku hiyo simu hazikukauka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umeandika?"

"Atupele amegoma kuongea. Anasema anataka kwenda Iringa."

"Mwambie Iringa kuna baridi, aje na mwenyewe."

Na mwenyewe alikuja, Jumapili baada ya Jumapili, na sweta lake la kijivu. Eveline alishona huku akimcheka jinsi anavyoshika sindano.

Agosti, Alhamisi moja jioni, Eveline alikuwa anampima mteja kiuno, runinga ikiwa imewashwa. Kwenye kioo Atupele alichukua mkasi, akakata koti la baba yake. Kisha akaonekana ndani ya basi, amejifunika kitenge cha bluu, mama yake anauza nyanya nje.

"Mtoto shetani huyu!" mteja akasema. "Mama yake anajikaza tu."

Utepe wa kupimia ulimdondoka Eveline. Alipiga simu pale pale.

"Umenivua nguo mbele ya watu wote, Dastan."

"Eve, sikutaja jina..."

"Niliyekwambia ni mimi. Nilikwambia wewe, sikuiambia runinga!"

"Ni kweli. Nilipaswa kukuuliza. Nimekosa."

"Umekosa, basi." Akakata, akaifungia namba yake. Alilia siku mbili, siku ya tatu akafungua duka, maana wateja walikuwa wanasubiri sare za kwaya.

Novemba alikuwa anarudi na mzigo wa vitambaa. Ilula basi likasimama, naye akajifunika kama kawaida. Safari hii mama mmoja hakutangaza nyanya. Alikuwa anapita dirisha kwa dirisha mikono mitupu, anachungulia. Alifika kwake, akasimama, akagonga kioo kwa vidole viwili.

"Eve. Toa hicho kitenge."

Eveline alishuka bila hata kuchukua mzigo. Ilibidi kondakta amfuate nao.

"Kamwene, mwanangu," Mama Paskalina alimsalimu Kihehe. "Nachungulia kila basi tangu Agosti, nilipomwona yule Atupele kwenye runinga. Wenzangu wananiona kichaa. Mtoto gani mwingine alikata koti la baba yake akashona sketi? Nikajua unapita hapa. Nikajua unanitazama."

"Mama, lile koti..."

"Liache. Nilikufukuza kwa sababu ya nguo, mtu mzima kama mimi. Twende ukale."

Baada ya ugali, na baada ya kumsimulia mama habari za Dastan na ile ndoo, Eveline alitoka nje, akaifungua ile namba, akapiga.

"Bado nimekukasirikia," alianza.

"Una haki."

"Niko kwa mama. Nimeshiba. Ndaga, Dastan."

Kabla hajajibiwa, mama alimpokonya simu. "Wewe mwenye miwani! Ndoo yangu iko wapi?"

Ilikuja Jumamosi ya pili, mkononi mwa Dastan mwenyewe, akiwa na mshenga wake, Mzee Yotamu. Ndani yake kulikuwa na barua ya posa. Mama Paskalina alimpa binti yake barua, akaigeuza ndoo.

"Umeiosha. Vizuri." Kisha akamwambia Eveline, "Isome wewe kwanza. Asije akawa ameandika ya watu tena."

Eveline alisoma amesimama, polepole, mpaka mwisho. "Ni ya kwetu, mama. Ipokee."

"Na yule Atupele?" mama akamgeukia Dastan. "Mtoto yuko barabarani tangu Agosti. Atarudi lini kwa mama yake?"

Dastan akamtazama Eveline. "Naomba ruhusa kwanza."

"Mrudishe," Eveline alisema. "Ila mvike kitenge chekundu. Cha bluu ni changu."