Viatu vya Kuvukia Chumvi

Gari lilizama alasiri, na kosa lilikuwa la Suud peke yake. Alikuwa akiuwahi mlango wa mji wa Maskati, ambao mwaka ule wa 1967 bado ulikuwa ukifungwa usiku, na aliyechelewa akalala nje. Ili kufupisha njia ya kutoka Bawshar, aliacha barabara ya vumbi akakata katikati ya uwanja wa chumvi. Muhsina, dada yake, alimwuliza kama ana hakika. Suud akamjibu kwamba kwao Unguja ameendesha baiskeli juu ya mchanga wa pwani, maji yakishakupwa, tangu utotoni. Basi hiyo ndiyo akili ya mtu wa visiwani. Chumvi ile ilikuwa ukoko tu, na chini yake tope jeusi.

Suud alipojaribu kuliinua gari, jeki iliteleza. Gari likamshukia mguuni, na alipouchomoa, kifundo kilikuwa kimevunjika. Gudulia lao la maji nalo lilipasuka katika mtikisiko, wakaokoa kikombe kimoja tu cha maji. Jua la Juni liliwaka juu yao bila kivuli.

Mitende ilionekana ng'ambo. Muhsina alijaribu kwenda, ukoko ukavunjika, akazama hadi mapajani. Alirudi akitambaa, ameshikwa na hofu ambayo hakutaka mdogo wake aione.

Nyuma ya gari walikuwa na fito za mtende na mkeka, vya kujengea banda la uani. Walizifunga fito zikapishana, wakatandika mkeka juu, wakapata viatu vya kutembelea juu ya ukoko, kila kimoja upana wa sinia. Suud akavikaza kwa kamba miguuni mwa dada yake, vidole na kisigino, ili visitoke. Vilimbeba. Halafu ncha ya kimoja ikatoboa ukoko ikaingia tope, na mguu uliofungwa haukutoka. Muhsina akaanguka kifudifudi, mikono ikazama, tope likamjaa kinywani. Suud alimvuta kwa kamba waliyomfunga kiunoni, anavuta huku analia.

Alipopata pumzi, Muhsina aliving'oa viatu akavitazama kwa hasira.

"Mtalawanda haufungwi kisigino," alisema. "Una msuruaki tu, vidole vinashika."

Suud alielewa papo hapo. Kiatu kile cha mbao cha kuendea msalani, chenye kijiti cha kushikwa kwa vidole, walikivaa tangu wadogo. Kisigino huinuka, na mtu akijikwaa mguu hutoka wenyewe. Walifumua kazi yote. Safari hii walipunguza upana, wakakunja ncha zielekee juu, na mbele wakatia kitanzi cha kushika vidole peke yake.

Kisha wakagombana juu ya kikombe, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

"Dada, kunywa wewe."

"Mie nnakwenda kwenye maji. Wewe unabaki na jua. Kunywa, Suud."

Muhsina alimwachia kikombe, akaenda kama bata, akiburura visigino. Ncha ilizama tena na tena, na kila mara mguu ulichomoka, akapiga magoti juu ya kiatu cha pili mpaka akakivuta kilichozama. Hakugeuka nyuma, maana alijua akigeuka atarudi. Midomo ilipasuka. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu, asimkute ndugu yake amekufa. Alipofika kwenye mitende sauti ilikuwa imekauka, na Marhoon, mkulima aliyekuwa akifungulia maji shambani, aliona mwanamke wa tope akinyoosha kidole kwenye uwanja mweupe.

Wanaume wa pale walikuja na punda, lakini punda waligoma ukingoni. Muhsina ndiye aliyevuka tena kwa viatu vyake, akiburura mlango wa banda la Marhoon uliofungwa kamba. Akamlaza Suud juu yake, wanaume wakavuta kamba kutoka ukingoni. Suud alikuwa hajitambui. Walimdondoshea maji midomoni kwa kitambaa, tone kwa tone, na Muhsina hakupumua vizuri mpaka alipoona koo lake linameza.

Usiku walilazwa uani kwa Marhoon, mguu wa Suud umefungwa gango la vijiti. Alitazama upande wa mji.

"Saa hizi mlango ushafungwa," alisema.

Muhsina alimshika mkono, akausikia una joto.

"Wacha wafunge."