Tochi Iliyotaka Kusikia

Haya yalimpata rafiki yangu Tusajigwe, na si mwoga hata kidogo.

Jioni moja alikwenda Igogwe kukata mkungu wa ndizi ukweni kwake. Ukungu ukashuka, giza likawahi. Akawasha tochi ya simu. Simu ilikuwa imejisasisha asubuhi, sasa ikamuuliza: "Ruhusu tochi isikilize sauti?"

"Tochi isikilize nini? Si iwake tu!" Akabonyeza Kataa. Ikauliza tena. "Mmeshajua ninapolala na ninachonunua. Hili hamlipati!" Akaizima simu kabisa, akapapasa njia, matone yakidondoka kwenye majani ya migomba.

Ndipo akasikia mtu akikohoa kikohozi kifupi, mara mbili. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake, na mzee yule alikuwa akikohoa hivyo hivyo ili Tusajigwe apishe njia. Mzee tulimzika mwaka jana, humo humo migombani.

"Leo sipishi!" Tusajigwe akafoka, akasimama katikati ya njia.

Kikohozi kikarudi. Kilitoka mkononi mwake, kwenye simu iliyozimwa.